Wachimbaji Watano Ndani ya Plasta

17 Oktoba, Alhamisi

Krraa. Ndivyo mkanda wa velcro unavyolia unapobanduliwa. Si sauti kubwa. Redio ikiwa imewashwa huisikii, na mvua ikiwa juu ya mabati huisikii kabisa. Lakini leo asubuhi, kwenye kituo cha viungo, mama mmoja aliyekaa mbele yangu alimvua mwanawe kiatu, krraa, na mwili wangu wote ukashtuka kama mwizi aliyeitwa jina lake sokoni.

Gael ana miaka miwili na mwezi mmoja. Alizaliwa mguu wa kulia umegeukia ndani, kisigino kimepanda, wayo unautazama mguu mwenzake. Alipofikisha wiki tatu, Tata Tharcisse, mtaalamu wa viungo pale kituoni, aliunyoosha polepole kwa plasta sita, kila wiki plasta mpya, mpaka ukawa mguu kama miguu yote. Kisha akatupa viatu: viwili vidogo vilivyounganishwa kwa ubao wa chuma chini, avivae kila anapolala mpaka atimize miaka minne.

"Plâtre njo inanyoosha," alituambia siku ile. "Kiatu njo inalinda. Mukiacha kiatu, mguu itakumbuka kwenye ilitokea."

Leo ameushika mguu, akaukunja, akamwacha Gael atembee kutoka kwangu mpaka mlangoni. Mtoto alitembea kwa ukingo wa nje wa wayo. Mguu umekumbuka.

"Mama Gael, biatu anabivalaka?"

"Ndiyo, Tata."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mi mwenyewe njo nabifungaka, saa moja ya mangaribi."

Hilo ni kweli. Saa moja nilivifunga. Sikumwambia kwamba saa mbili nilivifungua.

Akakuna kidevu. "Basi siyue. Miaka yote hii, mguu yenye kuvala biatu haijanirudiaka. Ya huyu njo ya kwanza." Akaandika jambo kwenye karatasi yake. Tunaanza plasta upya Alhamisi ijayo.

18 Oktoba

Niandike yote mara moja, nisiwe nayarudia.

Kuanzia Machi mpaka Septemba nilikuwa naandika mémoire yangu, tasnifu ya agronomia, juu ya mahindi ya mashamba ya Lubudi. Godefroid, mume wangu, anaendesha lori kubwa mgodini: wiki mbili kambini, wiki moja nyumbani. Mchana Gael ni wa kukimbizwa. Jioni tu ndiyo ilikuwa yangu, na jioni alilia. Alilia saa nzima ndani ya viatu vile, akipiga chuma kwenye mbao za kitanda, ko, ko, ko. Siku moja nikavifungua ili nimalize ukurasa mmoja. Akageuka kifudifudi, akalala hapo hapo. Alfajiri nikamvalisha tena kabla mama mkwe hajaja kumchukua.

Miezi saba. Nilipata distinction, alama za juu. Picha yangu nimevaa joho imetundikwa sebuleni, juu ya televisheni.

Mémoire ina kurasa themanini na nne. Leo nimeifungua nikijaribu kukumbuka ni ukurasa upi niliandika jioni ipi.

24 Oktoba

Plasta ya kwanza. Mamu Tshiela amekuja nasi.

Mamu ni mama yake Godefroid. Alizaliwa hapa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, wazazi wake wakiwa wameletwa kutoka Kasai. Ni mjane, anaishi nasi, chumba chake na chetu vinatenganishwa na ukuta wa matofali mabichi. Mimi ananiita "licenciée", yaani mwenye digrii, anapotaka kunichokoza, na Gael anamwita "bwana yangu", kama nyanya wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume.

Tata Tharcisse aliushika mguu, msaidizi akazungusha bendeji zilizolowa, kuanzia vidoleni mpaka juu ya paja, goti limekunjwa. Gael alipiga kelele mpaka akakosa pumzi. Niliimba. Nilimpa maziwa, akayatema. Nilimwonyesha simu, akaitupa. Nikawa naimba wimbo ule ule kwa sauti inayotetemeka, na kila aliponitazama nilihisi anajua.

Mamu akanisukuma kando kwa nyonga. Akainama mpaka kwenye vidole vitano vilivyochungulia mwisho wa plasta, akagonga plasta kwa kifundo cha kidole.

"Ko ko ko! Benye kuchimba! Muko banyingi ndani?"

Gael akanyamaza nusu.

"Batano balishuka mu shimo asubuyi. Mi niko pa mulango, nahesabia. Huyu munene ni Kalonji, anapenda bukari. Weye, Kalonji, unapumua?" Akabonyeza kidole gumba. Kikawa cheupe, kisha damu ikarudi. "Anapumua! Mwingine!"

Aliwabonyeza wote watano. Wa mwisho, kidogo kabisa, akamwita mvivu aliyelala shimoni, na Gael akacheka machozi yakiwa bado shavuni.

"Batano!" akasema.

"Batano bote balipanda. Bwana yangu, twende tukule."

Tata Tharcisse aliniambia kwamba hicho ndicho hasa alichotaka kutufundisha: kubonyeza vidole asubuhi na jioni. Damu isiporudi, plasta imebana, tukimbilie kituoni. "Kaku amenimalizia kazi," alisema. Kaku kwetu ni nyanya.

Mimi sikuupenda mchezo huo. Tunaishi karibu na Kasulo, ambako watu walichimba kobalti chini ya vyumba vyao vya kulala, na si wote waliopanda. Nilimwambia Mamu hivyo njiani.

"Kwani weye unataka nimuhesabie nini? Malaika? Malaika haishukake mu shimo."

25 Oktoba

Analalia mgongo. Hawezi kugeuka. Mvua ya kwanza ya kweli.

29 Oktoba

Nimegundua kitu anachokipenda kwangu pia: nachora. Nimemchorea lori la makaa kwenye plasta, magunia mpaka angani na mtu amekaa juu yake. Anapitisha kidole juu ya magurudumu, vuuum. Nilifurahi kwa dakika kumi. Kisha nikakumbuka ninamchorea juu ya nini.

31 Oktoba

Plasta ya pili. Asubuhi tunailoweka ya zamani kwenye beseni la maji ya vuguvugu mpaka ilainike, kisha tunaibandua utepe kwa utepe. Inakuwa uji mzito mweupe. Gael alichota kiganjani akamlisha Mamu: "Bukari!" Mamu akajifanya anatafuna ugali. "Chumvi haiko. Nani alipika? Ah, ni licenciée."

Mguu unatii kidogo. Tata Tharcisse ameniuliza tena kuhusu viatu, kwa upole, kama mtu anayetafuta ufunguo alioupoteza yeye mwenyewe. Nimejibu vile vile. Mara ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza.

3 Novemba

Tantine Adèle alikuja baada ya misa. Ni dada wa marehemu baba mkwe, mwanamke mnene wa sauti ndogo, na katika jamaa ya Kalonji, jamaa ya mume wangu, hakuna ndoa wala msiba unaokwenda bila yeye. Aliutazama mguu muda mrefu.

"Biatu alivala?"

"Alivala," nikasema.

"Kila siku?"

"Kila siku, Tantine."

"Aa bon," akasema, akanywa chai yake yote, macho bado mguuni.

7 Novemba

Plasta ya tatu. Godefroid yuko nyumbani. Alimbeba Gael mwenyewe. Alipoona mtoto anaanza kutetemeka mara tu tulipoingia kwenye chumba cha plasta, kabla hata hajaguswa, alitoka nje. Nilimwona dirishani ameegemea ukuta, kofia usoni.

10 Novemba, Jumapili

Nitaliandika hili taratibu.

Saa tisa Tantine Adèle alikuja, amevaa kitambaa cha sherehe. Akaomba redio izimwe. Tulikuwa wanne: yeye, Mamu, Godefroid na mimi. Gael alikuwa sakafuni, mguu wa plasta mbele yake, anapanga vifuniko vya chupa.

"Godefroid, mutoto yangu," akaanza, "mutoto alivala biatu kila siku. Bibi yako alisema mbele ya docteur, akasema mbele yangu. Docteur mwenyewe anasema haijaonaka vile. Basi kama si biatu, ni nini njo inarudisha mguu?"

Nilijua anakokwenda kabla hajafika. Kwetu watu wa Kasai kuna tshibawu: kosa la mke lililofichwa. Halimwangukii yeye. Linaiangukia nyumba ya mume, linawaangukia watoto, mpaka mke alitamke kwa kinywa chake mbele ya jamaa ya mume na kuleta kuku. Mara nyingi watu wanaposema tshibawu wanamaanisha mwanaume.

"Mama Gael, hatuko bakali. Weye ni mutu ya masomo. Kuko kitu unafunga mu roho? Mwaka muzima ulikuwa unaendaka kwa professeur, bwana eko ku kazi. Sema tu. Mutoto apone."

Nilikuwa nimecheka tshibawu chuo kikuu, na wenzangu, kwa sauti. Sasa nimekaa kwenye kiti cha plastiki na sicheki, kwa sababu nilikuwa nimeficha kitu na mtoto ndiye aliyekuwa anakilipia. Tantine hakuwa amekosea sana. Alikuwa amekosea chumba tu. Na mimi ndiye niliyempeleka huko: kama ningemwambia Tata Tharcisse neno moja la kweli, hakuna mtu angetafuta sababu nyingine.

Godefroid alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa jibu.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Adèle, mwachilie mutoto ya benyewe," akasema Mamu.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooka, anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Biatu, mi njo nilikuwa nabifungula."

"Unasema nini?"

"Nasema mi njo nilikuwa nabifungula. Mwaka ya jana nilisema banamufunga bwana yangu sawa mbuzi ya kupeleka soko, mulisikia wote. Basi. Mama yake anafunga, mi nafungula. Yeye hakuyua kitu."

Kila mtu aliamini papo hapo, kwa sababu kweli alikuwa amesema hivyo, mbele ya kila mtu, na kwa kejeli nyingi. Tantine Adèle akapumua kwa nguvu. Godefroid alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mama. Miezi yote ile?"

"Yote."

"Na leo unaona namna analia?"

"Naona. Niko na macho."

Godefroid alitoka nje, akarudi baada ya muda. "Utaenda kwanza kwa Mama Mushiya ku Mutshatsha. Plâtre imalizike kwanza. Sitaki umushike sasa."

Mama Mushiya ni mdogo wake Mamu. Mutshatsha ni mwendo wa siku nzima wakati wa mvua.

Hapo ndipo Mamu aliponitazama, mara moja. Aliniangalia kama mtu anavyotupia jicho sufuria kuona kama itachemka. Kisha akarudi kwenye sombe yake.

Sikuchemka. Nilikaa pale, na kitu cha kwanza nilichokihisi, nakiandika ili nisije nikakikana, kilikuwa nafuu.

11 Novemba

Mvua.

13 Novemba

Ameondoka na lori la makaa lililokuwa linarudi tupu. Alifunga vitu vyake katika vitenge viwili. Godefroid alikuwa ameshaondoka kwenda kazini. Alimuaga mama yake jana kwa kumpa mkono, kama mgeni.

Mamu alisimama mlangoni mbele ya Gael, mikono nyuma, kwa sababu amekatazwa kumshika.

"Bwana yangu, naenda. Usioe mwingine."

"Kaku, batano," Gael akasema, akamnyooshea mguu.

Mamu alinitazama mimi kwanza. Nikasema, "Mamu, muhesabie tu." Nilimpa ruhusa. Mimi! Akainama, akabonyeza wote watano bila kutania, haraka, akaenda.

14 Novemba

Plasta ya nne.

16 Novemba

Nimejaribu mchezo. Nimegonga plasta, ko ko ko, muko banyingi ndani? Gael aliufunika mguu kwa blanketi.

"Hapana weye. Kaku."

"Kaku ameenda Mutshatsha."

"Kaku kule," akasema, akaelekeza kidole ukutani, upande wa chumba chake.

17 Novemba

Nimemchorea Kaku juu ya lori. Alimbusu. Wino ukabaki mdomoni.

19 Novemba

Tulikuwa tunatoka dukani, Gael mgongoni, mguu wake ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa raba. Mvua ilianza kama mtu aliyemwaga beseni. Barabara yetu inakuwa mto mwekundu ndani ya dakika tano. Niliteleza. Sikuanguka kabisa, nilipiga goti, lakini mfuko ulichanika kwenye jiwe, na nilipofika nyumbani kisigino cha plasta kilikuwa laini kama mkate kwenye chai.

Nilikaa nacho mapajani. Kichwa changu, bila kuombwa, kikaanza kutunga: nitasema paa linavuja. Nitasema aliangusha beseni mwenyewe. Nilikuwa na hadithi tatu tayari, zote nzuri, na nikaogopa jinsi zilivyokuja upesi.

20 Novemba

Nimekwenda kituoni bila miadi. "Tata, nililowesha plâtre. Nilitembea naye mu mvua, niliteleza. Ni mimi."

Tata Tharcisse aliibonyeza. "Unaona, kama ungengoya mpaka kesho, kisigino ingepanda tena. Muzuri ulikuja." Akaandaa bendeji nyingine. Ni hilo tu. Hakunigombeza. Nilikuwa nimeusubiri ugomvi kwa hamu kiasi kwamba ulipokosekana nililia, na Gael, ambaye hajawahi kuniona nikilia, akanyamaza yeye na kuniletea kidole chake cha mguu nikibonyeze.

Nilikibonyeza. "Kalonji, unapumua?"

"Anapumua," Gael akajibu kwa niaba yake.

28 Novemba

Leo wamekata kano ya nyuma ya kisigino ili kisigino kishuke. Ni kidonda kidogo kuliko punje ya mchele, na sindano ya ganzi kabla yake. Nilikaa kwenye kichwa cha meza, nimemshika mashavu. Vidole vya mguu havikuwa vyangu kuchezea, kwa hiyo nilitumia vya mkono wake: hawa ni wachimbaji wa shimo lingine, huyu anakula bukari, huyu ni mvivu, huyu amesahau taa. Sauti yangu haikutetemeka. Alilia sindano ilipoingia, akamwita Kaku mara nne, nikahesabu.

"Na Kaku mwenyewe eko wapi?" Tata Tharcisse aliuliza akifunga. "Ile kaku ya bachimbaji."

"Alisafiri."

"Akuje. Wiki tatu hizi za plâtre ni za kuvumilia, na nyuma yake biatu. Ku biatu njo kazi iko. Batoto wengi banaharibikaka pale."

Aliniangalia kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Au ni mimi.

2 Desemba

Anakohoa. Embe zimeanza. Amekula mbili.

3 Desemba

Godefroid yuko nyumbani wiki hii. Anamlisha, anamwogesha kwa kitambaa, anamwimbia nyimbo za lori. Jana aliniambia, akimtazama mtoto, "Sijuwe kama nitamusamehe Mama." Nilikuwa nakunja nguo. Nililikunja shati moja mara tatu.

Picha yangu ya joho nimeitoa sebuleni. Aliuliza kwa nini. Nilisema kioo kimepasuka.

19 Desemba, Alhamisi

Plasta ya mwisho imetoka. Tulipoiloweka, lori la makaa na Kaku aliyekaa juu yake, nilivyochora upya kwenye kila plasta, viliyeyuka kwenye beseni. Gael alitumbukiza mikono yote miwili akiwatafuta. "Kaku! Kaku!" Alitoa mikono mitupu, myeupe.

Mguu umenyooka. Kisigino kinagusa chini. Ngozi imesinyaa na ina harufu ya gunia bichi, lakini umenyooka. Tata Tharcisse ametupa viatu vipya, saizi kubwa, na chuma kirefu zaidi. Kila usingizi, mchana na usiku, mpaka miaka minne. "Wiki mbili za kwanza atalia sana," alisema. "Akilia, mubembeleze ndani ya biatu. Usimubembeleze inje ya biatu."

20 Desemba

Saa moja nilivifunga. Saa moja na dakika arobaini alikuwa bado analia, chuma kwenye mbao, ko, ko, ko. Nilimwimbia, nilimkanda mapaja, niliwahesabu wachimbaji juu ya ngozi ya kiatu. Hakuna.

Nikafungua.

Krraa. Kimoja tu. Sijui hata kama niliamua. Mkono ulijua njia. Gael alinyamaza papo hapo, akageuza uso ukutani, upande wa chumba cha Mamu, kilicho kitupu. Nami nikageuka. Tulikuwa tunasikiliza wote wawili. Ndipo nilipoelewa, polepole, kwa aibu iliyonifanya nikae sakafuni: ukuta ule ni wa matofali mabichi. Mimi namsikia Mamu akikohoa, akisali, akitafuta kiberiti. Miezi saba. Je, yeye alikuwa anasikia nini?

Nilikifunga tena. Alilia mpaka akachoka. Nililala sakafuni kando ya kitanda, mkono wangu juu ya chuma.

24 Desemba

Ninaandika nikiwa nimechoka. Ni mambo ya siku nne, nitayaandika kama yalivyokuja.

Jumamosi asubuhi nilinunua kuku mweupe sokoni, nikamwambia Godefroid anifuate kwa Tantine Adèle. Alidhani ni mambo ya Noeli. Tantine alituwekea viti. Sikukaa. Kuku alikuwa ameninyea mkono wote, na labda hiyo ilinisaidia, kwa sababu hakukuwa na namna ya kuonekana mtu wa maana.

"Tantine, kuko kitu nilificha. Biatu ya Gael, mi njo nilikuwa nabifungula. Miezi saba, kila mangaribi, juu niandike mémoire. Mamu hakufunguaka hata siku moja. Alisema vile juu ya kunifunika."

Tantine Adèle alimtazama kuku, akanitazama mimi.

"Njo ile tu? Biatu?"

"Njo ile."

"Hakuna mwanaume?"

"Hakuna, Tantine."

"Eh!" Alimchukua kuku, akampima uzito kwa mkono mmoja. "Kuku ya biatu, siyayionaka." Lakini alimpokea, na nilipotaka kwenda kunawa alinizuia mpaka aseme maneno yanayosemwa, kwa Tshiluba, lugha ya Kasai, yote, nami nimesimama na mavi ya kuku mkononi. Sikuyacheka.

Godefroid aliniambia tukiwa barabarani: "Nilimufukuza mama yangu." Aliendelea kutembea mbele yangu kwenye mvua, na hakugeuka kuona kama nafuata. Hajazungumza nami sana tangu hapo. Ni haki yake.

Jumapili nilipanda lori la makaa, Gael mapajani, viatu kwenye mfuko. Tulikwama matopeni mara mbili. Alilala njiani, nikamvalisha viatu ndani ya kibanda cha dereva, chuma kikamgonga dereva kwenye mbavu kila shimo. "Mama, mutoto yako anaendesha kuliko mi," alilalamika.

Tulifika jua linazama. Mamu alikuwa uani kwa Mama Mushiya, anakatakata matembele. Nilimshusha Gael, nikamvua viatu, akaenda mwenyewe, kisigino chini. Mamu aliweka kisu kando. Hakukimbia. Alisubiri amfikie, akamwinua, akamgeuza, akaubonyeza mguu kidole kwa kidole.

"Batano," Gael akamwambia.

"Naona, bwana yangu. Bote balipanda."

Nilisema nilichokuja kusema. Nilitaka kupiga magoti, akanizuia kwa ukali: "Simama, utaweka mutope ku liputa yako, na hapa maji ya kufua iko mbali."

"Mamu, mulikuwa munasikia?"

"Ile ukuta? Kila mangaribi. Krraa. Halafu krraa ya pili."

"Juu ya nini hamukusema?"

Alichukua tena kisu. "Juu kilio ilikuwa inaisha. Na mi nilikuwa nalala, Chancelle. Nilikuwa nasema aksanti Mungu, nalala. Basi usifikiri nilibeba makosa yako yote. Nusu ilikuwa yangu."

Hajawahi kuniita kwa jina langu.

Kisha akaniambia kuhusu Rémy, mwanawe wa kwanza, kaka ambaye Godefroid hakumjua, aliyekufa kwa homa akiwa na mwaka mmoja. Walimkalisha Mamu kama walivyonikalisha mimi. Adèle alikuwa msichana wakati huo, alikuwepo. Mamu hakuwa na kosa la kutamka. Walirudi siku ya pili, wakarudi siku ya tatu. "Ya tatu nikatunga. Nikataja mwanaume hata sikumuyua muzuri. Bakakula kuku. Bwana yangu mukubwa, baba ya Godefroid, hakuniamini tena mpaka alikufa." Alikata matembele. "Nilipoona unafungua kinywa, sikuyua utatoa ya kweli ao utatunga. Nikaogopa utatunga."

Ningetunga. Nimemwambia hivyo.

"Najua. Na usifikiri imeisha. Nimekasirika. Nitakasirika mpaka Pasaka. Sasa leta hii mutoto biatu yake, usingizi inamukamata."

Tuliondoka jana, tumefika leo asubuhi, sisi watatu. Godefroid alikuwa ametandika kitanda cha mama yake kwa shuka mpya na hakujua aweke wapi mikono yake. Mamu alimwambia amechakaa, hakuna anayempikia? Akaenda jikoni.

Daftari la Tata Tharcisse nalo linasema uongo wangu, na kituo kimefungwa mpaka wiki ya kwanza ya Januari ipite, kwa hiyo nimemwandikia barua na kumpa mlinzi wa lango leo saa nane. Nimetaja miezi, na saa.

Saa kumi nilibeba kitanda cha Gael. Niling'oa misumari yake, nikakipitisha mlangoni vipande vipande, nikakiunganisha tena ndani ya chumba cha Mamu, kando ya kitanda chake. Ukuta hauko tena katikati yetu. Saa moja nilivifunga viatu mimi mwenyewe, mbele yake. Alilia dakika hamsini, naye Mamu akihesabu wachimbaji, nami nikihesabu naye.